Gari la Zuberi Haliuzwi

Miaka ile ya soko huria, magari ya mitumba yalipokuwa yakipanda mlima kila wiki, watu walinywa kahawa kwa Mzee Abubakari, karibu na soko la Lushoto. Pembeni ya benchi lilisimama gari la Zuberi: saluni ya Kijapani, ya buluu, yenye turbo, toleo la mashindano ambalo magari yake yalitengenezwa machache tu. Alilinunua kwa kulipenda, bila kujiuliza litabeba nini. Asubuhi moja mkewe Sabra alimwambia, "Kabichi zinapasuka shambani. Lete gari la mizigo kabla ya Ijumaa, au nakwenda kukaa kwa mama." Pale kwenye benchi Zuberi akapiga funda la kahawa, akawageukia rafiki zake wawili waliokuwa wakimsaidia kuliuza gari.

— Jamani, mbona hakuna mnunuzi?

— Si kosa letu, alisema Salimu, aliyeitwa Waya kwa sababu kila kibovu alikifunga waya. Lile tundu la boneti nimelichomelea bati. Ukungu wa huku ungeingia, injini ikapata mafua. Usipoziba ufa utajenga ukuta!

— Na lilivyokuwa chini kama bata, akadakia Stephano Rubani, mwenye kofia ya masikio. Tumelitia springi za Land Rover, sasa limesimama kama jogoo.

— Sasa shida nini?

— Njaa, alisema Rubani. Turbo inakula hewa, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Gari limekonda.

— Hapana, ni upweke, alisema Waya. Wajapani ni watu wa visiwani. Usiku linalilia chumvi.

— Mimi naona ni mbio zake, alisema tena Rubani. Likiteremka Mombo, linafika dereva bado anafunga mlango. Nani atanunua gari la kumwacha?

Mzee Abubakari akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Basi nibandike karatasi ya "Linauzwa" kwenye kioo, alisema Zuberi.

— Thubutu! Waya akaruka. Watasema umefilisika. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu akiuliza, sisi tunamjibu haliuzwi, ni la bosi.

Zuberi akaweka kikombe chini.

— Mmewajibu hivyo watu?

— Wengi tu! Juzi kijana wa Korogwe alilizunguka kutwa, nikamtimua.

— Waya!

— Tunakulindia heshima, ndugu yangu.

Mara pikapu iliyojaa machungwa ya Muheza ikasimama. Dereva akateremka, akalizunguka gari la buluu, akaligusa taa kama anayegusa shavu la mtoto.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, alijibu Mzee Abubakari.

— Naitwa Selemani. Samahani, hili linauzwa?

Waya akamtazama Rubani. Rubani akachungulia ndani ya kikombe. Zuberi aliyaona macho ya watu wa sokoni, akayasikia tayari maneno yao ya kesho: Zuberi kaishiwa. Kisha akamwona Sabra amebeba tenga la kabichi kichwani, anateremka peke yake.

— Linauzwa! Sauti ikamtoka mpaka wauza nyanya wakageuka. Linauzwa, ndugu yangu. Tubadilishane na pikapu yako.

— Pikapu hii? Si ina mzigo...

Lakini Zuberi alikuwa ameshapanda juu, anashusha machungwa.