Tarcisio Bellavite na Ndugu Yake wa Jeshi la Pili

Ndugu waombolezaji, mimi Ottavia, binti wa kwanza, nasoma kwa niaba ya familia. Baba yetu, Tarcisio Bellavite, alizaliwa tarehe 14 Machi 1840 hapa Valeggio, ukingoni mwa mto Mincio, akiwa mtoto wa kwanza wa msaga nafaka Bortolo, enzi ambazo Waaustria walitutawala, na Italia lilikuwa jina la kunong'onezana tu.

Alisoma kwa paroko hadi mwaka 1852, akaingia kwenye kinu cha babu. Mwaka 1859 ng'ambo ya pili ilipata uhuru, mto ukawa mpaka, na mwaka uliofuata baba aliogelea kwenda kujiunga na waliopigania Italia moja, akimwacha mdogo wake, Egidio, ambaye baadaye alichukuliwa kwa lazima na jeshi la Austria.

Tarehe 24 Juni 1866 majeshi hayo mawili yalipambana Custoza, karibu kabisa na nyumbani, baba akajeruhiwa paja, akatekwa, na alipoomba maji kwa lugha ya kwetu, askari mmoja wa Austria aligeuka ghafla.

“Ulikuwa wapi miaka yote hii, mjinga wewe? Mama kalia mpaka basi!”

“Ng'ambo tu hapo, Egidio. Nipe maji kwanza, utanitukana baadaye.”

Austria ilishinda siku ile lakini ikashindwa vita yenyewe, mateka wakaachiliwa, na Oktoba ile watu wa Veneto, mkoa wetu, walipiga kura kuungana na Italia, baba akapokewa kwa bendera, lakini Baba Mdogo, aliyerudi na koti la walioshindwa, aliitwa msaliti hadharani, na tangu siku hiyo baba hakukanyaga kilabu cha mvinyo ambako ndugu yake hakukaribishwa, hata kama wenye kilabu walikuwa askari wenzake.

Alifunga ndoa tarehe 6 Februari 1869 na mama yetu Palmira, mzaliwa wa Volta, ng'ambo, msafara wa harusi ukavuka daraja bila mtu kuulizwa hati, naye bibi yetu, mama yake baba, akasimama katikati ya daraja akicheka na kulia. Walijaliwa watoto watatu.

Vumbi la unga lilimharibu mapafu, akalala kitandani tangu vuli iliyopita, na akafariki asubuhi ya tarehe 9 Aprili 1903.

Tunamshukuru Daktari Fedrigo, majirani wa kingo zote mbili, na wasagaji wenzake. Baba Mdogo Egidio ameomba tusimsemee, atasema mwenyewe kaburini.

Lala salama, baba. Mdogo wako yuko hapa.