Ngozi ya Mama na Swichi za Ubongo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja nje ya chumba cha kinyozi, mguu mmoja umewekewa tofali, birika la kahawa katikati. Asubuhi ile Fundi Viatu alikaa hapo na karatasi ya hospitali mkononi badala ya sindano. Mama yake, ambaye siku hizi husahau hata mlango wa nyumba yake, ameombwa kipande cha ngozi kama punje ya dengu. Watafiti wataigeuza ngozi hiyo iwe seli shina za ubongo, zile changa ambazo hazijaamua zitakuwa nini, wasome jeni zipi zimewaka na zipi zimezimika. Sahihi ya mwanawe inatakiwa kabla ya saa sita mchana.

— Ngozi igeuke ubongo? Wembe, kinyozi mwenye benchi, alicheka. Kaka, hapo umepigwa.

— Sijapigwa. Daktari kasema kila seli ina jeni zote. Hata ya ngozi inazo za ubongo, ila zimelala.

— Swichi hizo! alidakia Fyuzi, fundi umeme. Nyumba moja, waya uleule. Jikoni umewasha, chumbani umezima.

— Kwa hiyo hata kwenye nywele zimo? aliuliza Wembe.

— Kwenye mzizi, hazikosekani.

Wembe akaligeukia pipa lake la taka kwa hofu.

— Miaka kumi na minane nafagia akili za watu! Ndiyo maana wakinyolewa wanasahau kofia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Mgema kaingiaje hapo?

— Kaingia. Wewe fikiri tu.

— Mimi nawaambieni, Fyuzi alisogea mbele, wakishazijua swichi zote, utalala mshona viatu uamke rubani.

— Na kisigino changu kikumbuke kila kiatu kilichokibana! aliongeza Wembe.

Fundi Viatu alicheka nao, lakini moyo haukutulia. Daktari hakumficha: huu ni utafiti, si tiba, mama hatapona kwa ngozi hiyo. Hata hivyo alitamani kujua. Yeye mwenyewe hufumua soli iliyokwisha kufa, aone tu fundi wa kwanza alipitisha wapi uzi.

— Tia sahihi, alisema Fyuzi.

— Usitie! alipinga Wembe. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwanamke mmoja alikuwa amefika na kiatu kilichoachama, mguu mmoja peku, akisikiliza.

— Na mama mwenyewe anasemaje?

— Mama anasahau, dada.

— Sijauliza anakumbuka nini. Nimeuliza anasemaje.

Tangu jua lichomoze wanaume hao watatu wanaigawana ngozi ya mtu mzima mwenye ulimi wake, na hakuna aliyemuuliza, hata huyu aliyetoka tumboni mwake.

Saa nne ilikuwa haijagonga. Saa kama hizi mama huwa na maneno yake yote. Jua likipanda ndipo yanapotawanyika. Fundi Viatu aliikunja karatasi, akainuka.

— Na kiatu changu?

— Nisubiri, dada yangu. Narudi.

Alikwisha kuvuka barabara Wembe alipopaza sauti:

— Na akikataa je?

— Basi atakuwa amejibu!