Jambo la Pili

Nje ya duka la fotokopi, mkabala na lango la chuo, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja umetegemezwa kwa kipande cha tofali. Wenye benchi ni watatu. Rufaa ndiye mwenye duka. Alipewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kukubali kushindwa, hata kwenye karata. Mkasi ni kinyozi wa mlango wa pili, anayependa methali kuliko methali zinavyompenda yeye. Mzee Posta alistaafu kazi ya barua, lakini kusambaza habari za watu hajastaafu. Mama Birika huwamiminia kahawa na kuwavumilia. Jioni hiyo mahakama ilikuwa imetoa hukumu kuhusu wapangaji, na kwenye redio ya Rufaa, kama ilivyo ada, alikuwa Profesa akiichambua.

— Hapa kuna mambo mawili, — ilisema redio, taratibu, kama mtu anayejua hakatizwi. — La kwanza, nyumba ni mali ya mwenye nyumba, na hilo halina ubishi. La pili...

Rufaa akaizima.

— We! — Mkasi alishtuka, kahawa ikamwagikia goti. — Ndiyo nini sasa?

— Redio yangu.

— Redio yako, masikio yetu!

— Asubuhi kanisemea, mchana kanisemea kwenye televisheni, gazeti nikifungua namkuta na picha kashika kidevu. Na humu dukani wanafunzi wananiletea makala zake nizitolee nakala. Kutwa nzima mashine yangu inatapika jina lake! Mtu hapumui?

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, — alisema Mzee Posta kumuunga mkono.

— Mzee, angalia maneno yako, — alisema Mama Birika. — Mimi hii kahawa naitembeza.

Mzee Posta akanywa haraka kuonyesha hakuwa na nia mbaya.

Rufaa alikuwa na wivu, tuseme tu ukweli. Yeye na Profesa walisoma sheria darasa moja, wakalala chumba kimoja, wakawa jozi moja ya midahalo. Rufaa akaishia kwenye fotokopi, mwenzake akaishia kila mahali. Kitabu kipya cha Profesa kilipoletwa dukani, kinene kama mto wa kulalia, Rufaa alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa shukrani. Profesa alimshukuru mkewe, mkutubi, mpiga chapa, hata paka wake aliyekuwa akimkalia kwenye karatasi. Rufaa alisoma tena kutoka juu, labda macho yameliruka jina lake. Hayakuwa yameliruka.

— Na lile neno ni langu, — alisema. — "Hapa kuna mambo mawili." Langu! Nilikuwa nasimama ukumbini nalitamka hivi, watu kimya, hata nzi anatua. Leo limekuwa lake.

— Mali bila daftari... — alianza Mkasi.

— Hapo umepatia, — alisema Rufaa.

— ...hufunzwa na ulimwengu.

— Ulikuwa umeshapatia, Mkasi. Ungenyamaza tu.

— Haya, mimi nawaambieni siri, — alisema Mkasi, akainamia benchi kana kwamba siri ilikuwa chini yake. — Kwenye televisheni mnamwona koti na tai, siyo? Chini ana pensi. Na kandambili.

— Nani kakuambia?

— Mimi kinyozi. Kichwa kikiwa mkononi mwangu hakina siri.

— Kwani unamnyoa wewe?

— Namnyoa jirani wa dereva wake.

Mzee Posta alitikisa kichwa kwa huruma.

— Pensi ni jambo dogo. Hebu jiulizeni, mtu huyo huyo anafundisha, anaandika vitabu, anahutubia makongamano, na redioni yumo. Analala saa ngapi? Wako wawili wale.

— Pacha?

— Pacha! Mmoja kafungiwa ndani anaandika, mwingine kaachiwa mdomo. Na ndiyo maana hajawahi kusoma kitabu chake hadharani. Hakijui!

— Vitabu wanamwandikia wanafunzi, — alisema Rufaa, maana uongo wa wenzake ulikuwa ukimpoza moyo naye akataka kuchangia. — Anawapa mtihani, majibu anayapiga jalada.

— Nyinyi mnacheza, — alisema Mkasi. — Jaji mwenyewe haandiki hukumu mpaka huyu azungumze. Anakaa na kalamu yake, redio pembeni, anasubiri la pili.

— Zaidi ya hapo, — Mzee Posta alishusha sauti. — Kesi zenyewe zinatungwa. Huyu mpangaji na huyu mwenye nyumba ni marafiki. Wamepelekana mahakamani ili bwana mkubwa apate la kusema jioni!

Rufaa alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa hajacheka hivyo tangu kitabu kilipotoka.

Ndipo akasimama mbele yao dada mmoja, kwapani kabana mkeka, mkononi ana ufunguo. Alikuwa kavaa kandambili za rangi tofauti, kama mtu aliyetoka haraka na hakuweza kurudi ndani.

— Hamjambo, kaka zangu. Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone! — alisema Mzee Posta.

— Nilikuwa naisikia redio yenu nikiwa ng'ambo ya barabara, ikakatika; nimengoja iwake tena, haikuwaka. Mwenye nyumba kanitilia kufuli jingine, anataka chumba ampe shemeji yake. Kodi nimelipa, vitu vyangu vyote viko ndani. Profesa kasema la kwanza, nyumba ni ya mwenye nyumba. La pili ni lipi?

Mkasi alimtazama Mzee Posta. Mzee Posta aliitazama kahawa yake. Kisha wote wawili, na Mama Birika juu yao, wakamtazama Rufaa.

— Si umesoma sheria wewe? — aliuliza Mama Birika.

Rufaa alisimama. Alikohoa, akanyoosha shati.

— Hapa kuna mambo mawili, — alisema, na sauti bado ilikuwepo, nzito, ya ukumbini. — La kwanza, nyumba ni mali ya mwenye nyumba.

— Hilo nimelisikia, kaka.

Akanyoosha shati tena. Ukumbini ndivyo ilivyokuwa siku zote: yeye alisimama, akanguruma la kwanza, makofi yakapigwa, akaketi. La pili lilisemwa na yule mwembamba wa pembeni yake, aliyekuwa amekesha maktaba. Hakuwahi kulijua la pili. Hakuwahi hata kulisikiliza, maana muda huo alikuwa bado anayafurahia makofi.

Aliwasha redio. Tangazo la sabuni. Akahamisha stesheni, mpira.

Basi akatoa simu, akatafuta ile namba aliyowaapia wenzake kwamba ameifuta.

— Kaka! — sauti ilipokea kwa furaha. — Leo umenikumbuka! Umenisikia redioni?

— Redio ilileta matatizo, — alisema Rufaa, akiwapa wenzake mgongo. — Nina dada hapa, kafungiwa mlango. La pili ni lipi?

Profesa akacheka, kicheko cha upendo kabisa, na ndiyo maana kilimchoma.

— Mpaka leo, kaka, unaniachia mimi la pili? Haya, mpe simu.

Dada alisogea nayo hadi ukingoni mwa barabara. Walimwona akisikiliza, akiuliza, akitikisa kichwa kukubali, mara nyingi. Rufaa alijua makofi. Kuitikiwa hivyo hakuwahi kuitikiwa na mtu, na aliona wivu upya, mkali kuliko ule wa kitabu.

— Asante sana, kaka, — dada alimrudishia simu. — Mungu akuzidishie.

Akaondoka mbiombio, ufunguo kaubana kiganjani.

— Haya, kaambiwa nini? — aliuliza Mkasi.

Hakuna aliyejua. Dada alikuwa ameondoka nalo.

— Mpigie tena, — alisema Mzee Posta.

Rufaa alinyoosha kikombe. Mama Birika akaliinamisha birika, likatoa tone moja na machicha.

— Imeisha, — alisema.

Rufaa aliitazama redio kitambo, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

— Kesho asubuhi atarudia, — alisema. — Njooni mapema.