Mtoto wa Pili wa Mama Musafiri

Bwana Msimamizi wa Teritware, Daktari Mkuu wa ofisi yetu ya afya, wazee mliofika kutoka Kabambare na vumbi la barabara bado liko kwenye viatu vyenu, Padri, Shehe, Mchungaji, wauguzi wenzangu, ndugu wageni. Na wewe Mzee Marcellin, uliyevaa leo koti la harusi yako, pamoja na Mama Marie-Thérèse aliyekulazimisha kulivaa: nawasalimu wote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake, na aliyekosa kiti huko nyuma namsalimu mara mbili.

Mimi ni Apolline, wa buro ya takwimu. Nimepewa dakika kumi za kumuaga mtu niliyekaa naye meza moja kwa miaka kumi na miwili, na Daktari Mkuu ameniomba nisilie. Nitajaribu. Ninajua pia kwamba ndani ya dosie iliyo mbele yake kuna barua itakayosomwa baada yangu, inayosema nani atakaa kwenye kiti cha Mzee kuanzia kesho. Asubuhi nilimwomba asiisome kabla sijasema. Akauliza, "Kuna nini, Mama Apolline?" Nikamjibu kwamba atasikia pamoja na wengine.

Wageni wetu labda wanajiuliza: huyu mzee alikuwa anafanya nini mule ndani, mlango umefungwa, redio inaimba taratibu, na yeye amenyamaza mbele ya mashine? Niwaambie. Wakati ule muuguzi wa kijijini alianza kuandika watoto wa chanjo kwenye simu, na simu ilihifadhi kila siku ya chanjo katika faili la maandishi, kwa mtindo unaoitwa JSON. Msiogope jina. Ni mtindo wa kusema kitu na thamani yake: kijiji, nukta mbili, Wamaza, umri, nukta mbili, miezi tisa. Mtu aliyemaliza shule ya msingi anausoma kwa macho yake bila shida.

Mtandao haukuwepo, kwa hiyo faili zetu zilipanda pikipiki. Kadi ya simu, ndogo kama ukucha, iliwekwa ndani ya kiberiti, kiberiti kikafungwa kwa kitambaa, kitambaa kikaingia mfukoni mwa shati la dereva kutoka Salamabila. Siku moja dereva mmoja alifika akatuambia kwamba mke wake amelifua lile shati. Mzee akaipuliza kadi, akaianika dirishani, tukakaa tunaitazama kama watu wanaongoja habari za mgonjwa. Ilisoma. Tulicheka siku ile mpaka jirani akaja kuuliza.

Na mashine yenyewe je? Ilikuwa moja tu, zawadi ya watu walioichoka. Kila programu kubwa tuliyoiweka ilizunguka, ikazunguka, mpaka jua likaondoka na betri ikazima. Mzee akasema basi, tutaandika yetu kwa C. C ni lugha ya zamani, haimbembelezi mtu, lakini inakula kidogo, na sisi tulikuwa na kidogo. Umeme wa jua ulitupatia saa tatu kwa siku, kwa hiyo programu ya kusoma zile faili aliiandika kwanza kwenye kaye ya shule, kwa penseli, mstari kwa mstari, akifuta kwa mate kifutio kilipokwisha. Kaye hizo ni saba. Ninazo.

Nilifika kwake kufanya staji, yaani kujifunza kazi, msichana pekee katika buro, na wiki ya kwanza programu yangu ilianguka mara kumi na moja kwa siku moja. C ikianguka haielezi. Inakufa tu, na wewe unabaki na mikono yako. Mzee alivuta kiti, akasoma, akaniuliza, "Mama, hapa unachukua jina la kijiji. Kama muuguzi hakuliandika, je? Umepiga hodi?" Nikasema sikupiga. "Basi unaingia nyumba ya watu bila hodi, na ndani hakuna mutu. Uliza kwanza kama iko, kisha ingia." Tangu siku ile sijawahi kugusa kitu katika faili bila kuuliza kwanza kama kipo.

Kuhusu nafasi ya kumbukumbu, ambayo katika C unaiomba mwenyewe na kuirudisha mwenyewe, alisema, "Ukiomba viti kwa jirani siku ya matanga, matanga yakiisha nani atavirudisha? Jirani aje mwenyewe?" Elsa na Rosine, wasichana wetu wa sasa, mmekaa pale, mnajua kwamba mpaka leo, ukisahau kurudisha nafasi, katika buro yetu tunaulizana, "Viti viko wapi?"

Ee, siku zile. Nikizikumbuka, moyo unaniuma kwa utamu. Ningeweza kuishia hapa, mkapiga makofi, tukala wali.

Lakini ndugu zangu, sifa niliyokuja kuitoa haiko hapo. Nisaidieni kwa kutulia kidogo.

Katika JSON kuna namna mbili za kukusanya watoto. Ya kwanza, unawapanga foleni, mmoja nyuma ya mwenzake, ndani ya mabano ya mraba: hiyo ni orodha. Ya pili, unampa kila mmoja jina la kumwitia, ndani ya mabano ya mkunjo. Kwenye kibodi yetu ya Kifaransa, mabano ya mraba yanafunguliwa na kitufe cha tano na ya mkunjo na kitufe cha nne. Vinagusana. Mwezi wa tatu wa staji yangu Mzee alinipa kazi ya kutengeneza fomu mpya ya simu na kipande cha C cha kuisoma. Akasema, "Watoto, weka kwa orodha." Akaenda Lusangi siku nne.

Nami nikaona ninajua zaidi. Mtoto akipotea sokoni hapa Kasongo, tunauliza jina lake? Tunauliza, "Huyu iko mutoto wa nani?" Siku ya chanjo muuguzi anaita nani kwenye benchi, anaita mtoto wa miezi tisa? Anamwita mama, na mama naye anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza: Mama Musafiri, Mama Jeannette. Kwa hiyo nikaweka jina la mama kuwa jina la kumwitia mtoto. Nikaifurahia kazi yangu. Nilifikiri nimeandika kama tunavyoishi.

Lakini programu ya C, ukiipa jina la kutafuta, inaanza juu, inashuka, inakutana na la kwanza linalofanana, inaridhika, inasimama. Haiulizi kama kuna jingine chini. Wazazi wa mapacha mliomo humu mmeshaliona tatizo. Mimi sikuliona.

Upande wa Wamaza kuna Mama Musafiri. Baada ya Musafiri alizaa mapacha, Amisi na Malaika. Muuguzi aliwaandika wote wawili, sawasawa kabisa, na simu ikatunza jina la mama mara mbili bila kubisha. Programu yangu ikamwona Amisi, ikasimama. Karatasi ya chanjo ya surua ikatoka na mtoto mmoja. Siku ya chanjo Mama Musafiri alifika na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, dozi zilikuwa zimehesabiwa kwa kufuata karatasi, na muuguzi mgeni wa siku ile akamwambia, "Wa pili hayuko hapa, mama, utamrudisha mwezi kesho." Mwezi kesho mto ulijaa, hakuna aliyevuka. Na surua haikungoja mto upungue.

Malaika alipona. Mungu asifiwe, alipona. Lakini sikio lake la kushoto halikupona.

Habari ilipofika Kasongo, Mzee alifungua lile faili akalisoma kwa macho, kidole kwenye kioo. Akawaona mapacha wote wawili. Akafungua kipande changu cha C. Akaniambia niende nikaweke maji ya chai. Niliporudi, mkubwa wetu wa wakati ule alikuwa amesimama mlangoni anauliza nani ameandika upuuzi huu, na Mzee alikuwa anajibu, "Programu ni yangu. Andika jina langu."

Nilisimama na birika mkononi. Sikusema kitu.

Walimlaumu mbele ya mkutano wote wa wauguzi. Kosa likaandikwa kwa jina lake kwenye dosie yake ya kazi, na cheo alichokuwa anakingoja, ambacho kila mtu alijua ni chake, akapewa mwingine. Mama Marie-Thérèse, wewe ulikuwa umeshaahidiwa nyumba ya ofisi. Samahani, mama. Kesho yake Mzee alipanda pikipiki akaenda hadi Wamaza, akamwambia Mama Musafiri, "Mashine yetu ilimusahau mutoto wako. Nimekuja mimi." Na hakwenda mara moja tu; amekwenda kila mwaka.

Nilimuuliza kwa nini alinifunika. Alikuwa anabadilisha fomu yangu, nne kuwa tano, na anaandika upya ule mzunguko ili upite foleni nzima mpaka mtoto wa mwisho. Hakugeuka. Akasema, "Wakiandika jina lako, mama, hapa hawatapokea tena mutoto mwanamuke. Keti, tuangalie foleni hii inaishia wapi."

Mzee, ninakuona unatikisa kichwa. Tikisa. Miaka kumi na miwili wewe ulinyamaza kwa wema, mimi nilinyamaza kwa woga, na watu wakaona ni kimya kimoja. Elsa yuko hapa kwa sababu yako. Rosine yuko hapa kwa sababu yako. Mimi nipo hapa nimevaa kitenge kipya, na barua iko mezani, kwa sababu yako.

Wiki iliyopita nilikwenda Wamaza, kwa kuwa neno kama hili halianzi kusemwa kwenye umati kabla mwenyewe hajaambiwa. Nilimwambia Mama Musafiri kila kitu. Alinisikiliza akiwa anatwanga, hakuacha kutwanga. Kisha akasema, "Yeye walimulaumu mbele ya watu. Wewe pia utasema mbele ya watu." Yuko hapa, safu ya tatu, na wanawe. Mama, nimesema.

Daktari Mkuu, ninaomba kitu kimoja. Kabla hujafungua barua ile, fungua dosie ya Mzee Marcellin, ukurasa wa mwaka ule, ufute jina lake uandike langu. Ukimaliza, ukaona barua bado inafaa kusomwa, isome. Ukaona haifai, nitampisha atakayekuja, nami nitamkabidhi kaye zote saba.

Jana mchana nilichapa orodha ya wageni wa leo kwa programu ileile ya Mzee, ya C, kwenye mashine ileile. Nimeishika hapa. Mstari wa arobaini na moja: Amisi, mwana wa Mama Musafiri. Mstari wa arobaini na mbili: Malaika, binti wa Mama Musafiri.

Mzee, nenda ukapumzike. Foleni imepita mpaka mwisho. Ndugu wageni, ninawashukuru kwa uvumilivu wenu. Na wewe Malaika, tangu nilipoanza kusema nimekuona umegeuza kichwa, umeniwekea sikio la kuume. Asante kwa kunisikiliza.