Bi Saleha Idarusi Mbwana na Makumbi ya Mkwaja (1961–2025)

Kabla jeneza halijanyanyuliwa, familia inaomba msikilize kidogo habari za mwenye safari. Karatasi hii imeandikwa na mtoto wa mjomba wake, mtani wake kwa haki kabisa, kwa hiyo anayetafuta sifa tupu humu atazikosa.

Marehemu Saleha Idarusi Mbwana alizaliwa hapa Mkwaja, wilaya ya Pangani, tarehe 14 Machi 1961. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Idarusi Mbwana, mkulima wa minazi, na Bi Tausi, fundi wa kamba za usumba. Wenyeji hawana haja ya kuelezwa, lakini wageni wa bara wapo: makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, yalifukiwa kwenye tope la pwani, yakalala humo miezi kadhaa mpaka yakalainika, kisha wanawake wakayafukua na kuyaponda kwa magongo, ukapatikana usumba, nyuzi za kusokota kamba. Saleha aliianza kazi hiyo hata kanga yake mwenyewe hajajua kuifunga.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1969 hadi 1975. Harufu ya tope la makumbi haitoki kwa sabuni, na wenzake darasani walikuwa wakimsogelea kwa mbali. Aliyekubali kukaa naye dawati moja ni Mwatumu, kwa kuwa naye alinuka vilevile. Urafiki wao ulianzia hapo.

Mwaka 1979 alikwenda Tanga mjini, akafikia kwa shangazi yake Makorora, akapata kazi katika kiwanda cha Mzee Pyarali cha magodoro na mazulia ya usumba. Alianza kwa kufagia, akaishia kuwa msimamizi wa wanawake wa zamu ya asubuhi. Aliipenda kazi ile mno. Mwaka 1994 Mzee Pyarali aliwakusanya uani akawaambia anafunga. Saleha akamuuliza kwa nini. Mzee akasema, "Watu wanataka sponji, bibie. Hata Kaneez, mke wangu wa ndoa, keshanunua godoro la sponji, na analilalia kweli."

Alikuwa ameolewa tangu tarehe 6 Agosti 1983 na Bwana Nasri Mwinyikombo, mpakuzi wa bandarini, wakajaliwa watoto wawili, Khadija na Uweso. Kiwanda kilipofungwa, bandarini nako mizigo ya katani ilikuwa imepungua, na nyumba ikasimama kwa vitumbua vya Saleha. Redio ikisema uchumi unakua, yeye alikuwa akicheka. Makorora kilichokua ni meza za vitumbua, na kila meza nyuma yake ameketi mtu aliyewahi kuwa na kazi ya kiwandani. Alichoma vitumbua karibu miaka ishirini. Vilikuwa vizuri, ila sukari alikuwa mchoyo nayo, hilo nalo lisemwe.

Mwaka 2013 alirudi Mkwaja kumuuguza mama yake, na baada ya mazishi hakuondoka tena. Mumewe akamfuata. Alikuta makumbi yanachomwa moto, kamba za nailoni zimejaa, na wasichana wakimaliza shule wanapanda gari kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Jambo hilo lilimuuma. Khadija, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa Arusha kwenye shamba la maua, ndiye aliyemwambia kuwa miche ya kule inaoteshwa kwenye vumbi la makumbi, na kwamba vumbi lenyewe linaletwa kwa meli kutoka ng'ambo.

"Linashushwa wapi?" mama akauliza.

"Lingine hapohapo Tanga, mama."

Hakulala kwa hasira. Mwaka 2016 aliwakusanya wanawake wa kijiji watengeneze vumbi la kuuza Arusha, wa kwanza akiwa Mwatumu, mmoja wa wachache waliokuwa bado wanasokota kamba na kuwa na wateja. Mwatumu aliwaacha wateja wake, akatoa makumbi yake yote ya msimu ule.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na familia imekubali liandikwe. Khadija alimwonya kuwa wenye maua wanataka makumbi yaliyooshwa kwa maji baridi, si ya bahari, yasiwe na chumvi. Saleha akajibu, "Watu wa milimani wajue nini cha makumbi? Kumbi lisilolala baharini si kumbi." Akaamuru yafukiwe pwani kama walivyofanya mama zao. Lori likaenda limejaa, kwa vigelegele. Baada ya wiki chache akapiga simu Hosea, msimamizi wa miche huko Arusha. "Mama, miche yote imeungua. Hii ni chumvi."

Mzigo ulikataliwa. Wengi walinung'unika, wakasamehe. Mwatumu hakusamehe. Alirudi kwa wateja wake wa kamba akakuta wameshazoea nailoni. Alimwambia Saleha, "Binti yako alikwambia, nami nilikuwapo nikisikia. Umenitoa kwenye kamba zangu kwa kiburi chako." Tangu siku hiyo hakumsalimu, wala wale waliomsamehe.

Saleha hakukata tamaa. Maji ya kisima yalikuwa ya kunywa, hayatoshi, hivyo akawafundisha wenzake kuyaanika makumbi wazi wakati wa masika mvua iyaoshe, ndipo yasagwe. Hosea alipokea mzigo wa pili bila neno. Leo banda lipo, mashine ya kusaga ipo, lori linakuja kila mwezi, na wasichana kadhaa wa Mkwaja wanalala kwao.

Lakini banda lile halikumpa raha aliyoitarajia. Alikwenda kwa Mwatumu kuomba radhi zaidi ya mara moja, akafungiwa mlango. Sheikh aliwakumbusha kuwa Waislamu hawanuniani kupita siku tatu. Mwatumu akamjibu kuwa siku zake tatu bado hajaanza kuzihesabu. Saleha aliposimuliwa hilo alicheka mpaka akatoa machozi, kisha machozi yakabaki.

Mwezi Novemba 2023 alipatwa na kiharusi upande wa kulia. Alitibiwa Pangani na Tanga mjini, akarudi nyumbani, lakini kutembea hakuweza tena. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 63. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na wanawake wa banda, ambao leo wamefunga kazi ingawa alikuwa amewakataza.

Kama ilivyo ada, familia inamwomba kila aliyekosewa na marehemu amsamehe. Ombi hili tulilipeleka kwanza kwa Bi Mwatumu jana asubuhi, kabla karatasi haijachapwa. Alikuwa amekaa kizingitini, mlango wazi. Alisema, na ametaka iandikwe hivihivi: "Mie nilishamsamehe zamani. Nilikuwa nangoja aje tena nimwambie. Sikujua kuwa hawezi kutembea, na wa kumuuliza sikuwa naye, nilishanuna na wote."

Ndiye aliyemwosha leo. Mola amlaze Saleha kwa amani, na aliyebaki ampe subira.