Kiti Kando ya Mswala

Assalamu alaikum, na shikamooni mama zangu. Nimeitwa nisimame niwasimulie habari za mgongo wangu, na huko kusimama kwenyewe kwangu ni neema.

Nacheza tenisi tangu shule ya msingi. Nilipokuwa kidato cha pili nikachaguliwa kwenda mashindano ya shule za Pwani. Basi nikajitia wazimu. Alfajiri niko uwanjani, jioni niko uwanjani, Jumamosi na Jumapili kutwa. Nilichopenda zaidi ni kuanzisha mpira: waurusha juu, wajipinda nyuma, wapiga.

Kiuno kikaanza kuuma. Mama akanikanda kwa mafuta ya nazi ya moto, nikapata nafuu, kesho yake nikarudi kucheza. Ndugu zangu, nawaambia, nafuu ile ndiyo iliyonidanganya.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Kocha akatupumzisha sisi tuliofunga, na maumivu yakaondoka yenyewe. Nikadhani nimepona. Idi ilipopita nikarudi uwanjani kwa pupa, na haikuchukua muda, katika sala ya magharibi, nikainama kwenye rukuu nikashindwa kuinuka. Nikavuta kiti cha mezani, nikasali nimekaa.

Mama alikuwa mlangoni.

"Mwanangu, tarawehe ulisimama na watu mwezi mzima. Leo magharibi tu watafuta kiti?"

"Nimechoka tu, mama."

"Ulifunga hukuchoka, waja kuchoka kwa biriani ya Idi? Ni ile raketi. Ulipoiweka chini, mgongo nao ulipumzika. Kesho twende hospitali."

Daktari alipomaliza kunipima na kutazama picha, alimwambia mama, "Huyu hakuanguka wala hakupigwa. Mfupa wa kiuno umeingia ufa kwa kujipinda pale pale kila siku, na yeye bado anakua."

"Atacheza tena?"

"Akiuacha uunge, inshallah. Akiulazimisha, hata kukaa kutamshinda."

Wenzangu wakaenda mashindanoni bila mimi. Nililia, siwafichi. Mama hakuniambia ninyamaze. Kila wakati wa sala aliniwekea kiti, kisha akatandika mswala wake kando yangu, nisijione nimetengwa. Kocha naye alikuwa akipita kunijulia hali, wala hakuniuliza nitarudi lini. Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote wawili, pamoja na daktari aliyenifundisha mazoezi ya kurudisha nguvu pole pole.

Siku hizi nacheza tena, ila nina siku za kupumzika na sioni haya kuzitaja. Nyinyi wadogo zangu mnaoshika raketi, maumivu yanayoondoka mkipumzika na kurudi mkicheza, msiyanyamazie. Semeni nyumbani mapema.

Siku daktari aliponiruhusu kusali nimesimama, magharibi ilipoingia nilikuta kiti kimeshawekwa. Nikakirudisha mezani, nikasimama kando ya mama. Yeye alishindwa kuanza kusali. Aliupitisha mkono wake mgongoni mwangu, juu hadi chini, akilia, na mimi nikamngoja.