Wanairutubisha Nini Hiyo?

Benchi la kahawa mbele ya kibanda cha Fundi Viatu halijui utulivu tangu kaka yake aajiriwe mgodini, kule kilimani kunakochimbwa urani. Leo Fundi alikuwa na soli mkononi. Redio, aliyepewa jina hilo kwa kumeza kila taarifa ya habari, alianza kutangaza hata kahawa haijamfikia.

– Wamesema wanairutubisha. Urani yetu hii hii.

– Kumbe ni mbolea? Fundi aliuliza. – Mahindi yetu yamenyong'onyea, na mbolea inapita mlangoni kwa malori?

– Mbolea gani, akadakia Kamusi, mwalimu mstaafu. – Ndani ya urani, ile inayopasuka na kutoa moto ni chembe tu. Kurutubisha ni kuizidisha hiyo. Ukiizidisha kidogo unachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo, unapata umeme. Ukiizidisha sana, bomu. Mji mzima kwisha.

– Umeme? Na mimi hapa nashona kwa kibatari?

– Makusudi hayo, alisema Redio. – Tukiwashiwa taa tutaona wanachobeba. Na hilo bomu, nasikia wanaliandikia jina la mtu, linamfuata hadi chumbani.

– Linabisha hodi? Kamusi alimcheka.

– Cheka tu. Mbona mabosi wanavaa barakoa, na kaka yake Fundi anavaa fulana?

Hapo hakuna aliyecheka. Fundi aliona uchungu, maana ni kweli.

Mke wa kaka yake alikuwa amefika, beseni la nguo mikononi.

– Shikamoo, mwalimu.

– Marahaba, mama.

– Karibu, shemeji, alisema Fundi.

– Sikai. Kaka yako anarudi kila jioni na vumbi la kule mwili mzima. Nguo nazifulia humu, na mtoto namwogeshea humu humu. Nauliza tu, hilo vumbi linatoka kwa sabuni?

Redio alichungulia kikombe chake. Muuza kahawa aliinua birika. Hakuna aliyenyoosha kikombe.

Fundi alisimama, akalishika beseni upande mmoja.

– Shemeji, hizi hufui tena. Tunazipeleka getini kwa mabosi wa mgodi, wakazifue wenyewe. Mwalimu, shika huku.